Maombi kwa Wakristo wanaoteswa yasiishie Jumapili moja

Mhariri,

Jumapili ya kwanza ya Novemba inakaribia. Tangu mwaka 1996 makanisa mengi duniani yamezoea kutenga siku mwanzoni mwa mwezi huo kwa ajili ya kuwaombea Wakristo wanaoteswa kwa sababu ya imani yao. Sharika na parokia nyingi za hapa nchini nazo huishika siku hiyo, na ni jambo jema. Linalonisukuma kuandika ni namna tunavyoishika. Kiongozi wa ibada husema, "Tuwakumbuke ndugu zetu wanaoteswa kila mahali duniani," inapita dakika moja, kisha matangazo yanaendelea. Muumini anatoka pale hajui amemwombea nani, yuko nchi gani, amepatwa na nini, wala Jumatatu asubuhi aendelee kuomba nini. Ombi la namna hiyo halimalizi wiki. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kazi hii inavyofanyika na pale inapoharibika, kwa ajili ya wale wenye nia ya kuifanya kweli.

Nianze na walio jirani nasi, wanaosali kwa Kiswahili hiki hiki. Usiku wa kuamkia Jumapili ya 27 Julai 2025, waumini wa parokia ya Mwenyeheri Anuarite huko Komanda, mkoa wa Ituri, mashariki mwa Kongo, walikuwa katika mkesha wa sala. Wapiganaji wa kundi la waasi la ADF wakawavamia. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu 43 waliouawa, 9 kati yao wakiwa watoto. Anuarite ambaye parokia ile inabeba jina lake alikuwa mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu, aliyeuawa Isiro 1 Desemba 1964 na waasi wa Simba, akatangazwa mwenyeheri 15 Agosti 1985 mjini Kinshasa. Kabla ya Komanda ilikuwa Kasindi, mpakani na Uganda: 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste la CEPAC wakati wa ibada ya ubatizo, wakafa zaidi ya watu 10. Miezi mitano baadaye, 16 Juni 2023, ng'ambo ya mpaka huo huo, wanafunzi 37 wa sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe waliuawa usiku, baadhi wakichomwa ndani ya bweni.

Kundi la ADF lilianzia Uganda miaka ya 1990, likahamia katika misitu ya Kongo. Tangu Oktoba 2014 limekuwa likiwaua raia wa eneo la Beni, mara nyingi kwa mapanga, na tangu 2019 linahesabiwa kuwa tawi la lile kundi linalojiita Dola la Kiislamu. Mwishoni mwa Novemba 2021 majeshi ya Uganda na Kongo yalianza operesheni ya pamoja dhidi yake. Makambi kadhaa yalivunjwa, lakini wapiganaji walitawanyika kuelekea magharibi, Mambasa na Lubero, kwenye vijiji ambavyo awali havikuwa na hofu hiyo. Naeleza haya kwa sababu ramani ya maombi huchakaa. Kikundi kinachoendelea kuomba kwa karatasi ya mwaka 2019 kinautaja mji wa Oicha, eneo la Beni, na kuwaacha watu wa Lubero wanaolala porini leo.

Tuwe wakweli pia juu ya kilicho mateso ya imani na kisicho hivyo. Si kila anayeuawa Kongo anauawa kwa kuwa ni Mkristo. Kuna vita vya ardhi, madini, ukabila na siasa za nchi jirani. Miaka ya nyuma ilienea hesabu kwamba Wakristo 100,000 huuawa kila mwaka kwa ajili ya imani. Wataalamu walipoichambua walikuta sehemu kubwa yake ni vifo vya vita vya Kongo kwa ujumla, vilivyogawanywa kwa miaka kumi. Hesabu ya Open Doors, shirika linalofuatilia mateso ya Wakristo duniani, iliyotolewa Januari 2025 nayo husomwa vibaya. Inasema Wakristo zaidi ya milioni 380 wanaishi chini ya mateso na ubaguzi wa kiwango cha juu. Maana yake ni mtu anayenyimwa kazi, anayefungiwa kanisa, anayefukuzwa na ukoo, hadi anayeuawa. Waliothibitishwa kuuawa kwa sababu ya imani katika mwaka uliohesabiwa walikuwa 4,476, na 3,100 kati yao walikuwa Nigeria. Mhubiri anayesimama madhabahuni na kusema mamilioni wanachinjwa anawapotosha watu, hata kama moyo wake unawaka kwa upendo.

Hapo ndipo yanapoingia maombi ya kughushi yanayosambazwa kwa simu. Kwa zaidi ya miaka kumi umekuwa ukizunguka ujumbe kwamba Wabudha wenye msimamo mkali wamechoma makanisa 20 India na usiku huu wanataka kuharibu mengine 200 katika jimbo la Olisabang. India haina jimbo la jina hilo. Mwingine, wa tangu 2009, unasema wamisionari 22 wa Afghanistan watanyongwa kesho mchana; kila mwaka hiyo "kesho" inarudi. Lililo baya zaidi ni picha ya miili iliyoungua iliyosambazwa kama Wakristo waliochomwa moto Nigeria. Miili ile ni ya watu wa Sange, Kivu Kusini, walioungua 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka. Ndugu zao wanaozungumza Kiswahili wangali hai, na simu zao zinapokea picha ile ikiwa na maneno ya uongo chini yake.

Kabla ujumbe haujasomwa mbele ya kusanyiko, mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo auchunguze. Je, una tarehe kamili, au unasema "jana usiku" tu? Mahali panapotajwa papo kwenye ramani? Picha ikipitishwa kwenye programu ya kutafuta picha, inaonekana ilianza kutumika lini? Kuna dayosisi, jimbo au baraza la makanisa la nchi hiyo lililosema jambo hilo kwa jina lake? Majibu yasipopatikana, ujumbe usubiri siku moja au mbili. Mungu hatapungukiwa kwa kuwa tumechelewa saa 24. Tukiusambaza uongo, siku ya tukio la kweli watu watasema "ni yale yale ya WhatsApp," na hasara hiyo itawaangukia wenye msiba.

Sasa kuomba kwenyewe. Njia inayodumu ni kuchagua sehemu moja kwa mwezi na kukaa nayo mwezi mzima. Iandikwe karatasi ya nusu ukurasa yenye jina la mahali, kilichotokea pamoja na tarehe, mahitaji matatu, na chanzo cha habari. Dakika tano hadi saba katika ibada zinatosha, ila wanaoomba wapewe karatasi tangu Ijumaa ili waisome na kuielewa. Anayepewa kipaza sauti ghafla huomba kwa maneno ya jumla, na hatuwezi kumlaumu. Katikati ya wiki karatasi hiyo hiyo iende kwenye jumuiya. Mwezi unaofuata, kabla ya kufungua sehemu mpya, kusanyiko liambiwe yaliyojiri kule lilikoombea: barabara imefunguliwa, au padri fulani ameachiwa, au hali imezidi kuwa mbaya. Vikundi vingi hukosea hapa. Vinaanza kwa bidii, havirudishi habari, na baada ya miezi mitatu watu wanachoka kwa sababu ombi limekuwa kama barua isiyo na anwani.

Na tuombe yale wanayoyaomba wao. Sisi tulio mbali hukimbilia kuomba mateso yaishe, na ni haki kuomba hivyo. Walio ndani yake mara nyingi huomba kwanza uthabiti, wasiikane imani. Paulo akiwa kifungoni aliwaomba Waefeso wamwombee apewe ujasiri wa kunena. Mtume huyo huyo alimwandikia Timotheo amletee joho lake na vitabu, na afanye bidii kufika kabla ya wakati wa baridi. Ujasiri na joho vyote viwili vilikuwa haja za kweli.

Kwa watu wa Beni na Ituri, haja hizo ninaweza kuzitaja moja moja. Wakulima wa kakao wanaouawa wakati wa mavuno, kwa kuwa mvamizi anajua lini watu wako shambani. Akina mama wanaoingia msituni kutafuta kuni. Vijana wanaolinda usiku kwa filimbi na tochi. Mapadri, wachungaji na wainjilisti waliobaki na kusanyiko dogo baada ya wengine kukimbia. Waliotekwa, ambao hubebeshwa mizigo kwa siku nyingi porini. Wasichana wanaorudi na watoto waliozaliwa utekwani, wakakuta majirani wanawanyooshea vidole. Hawa waombewe, na wanaowapokea waombewe hata zaidi. Tena tunapotii lile neno la kuwaombea wanaotuudhi, tukumbuke kwamba kundi hili huteka watoto na kuwafanya wapiganaji. Aliyeshika panga usiku ule wa Komanda huenda alitekwa akiwa na miaka 11, na mama yake anasali katika kanisa lile lile lililovamiwa.

Ulimi wetu unahitaji kulindwa hapa. Waislamu wa Beni wako upande wa wanaoumizwa. Sheikh Ali Amini alikuwa akilikemea kundi hili hadharani, akapigwa risasi ndani ya msikiti mjini Beni 1 Mei 2021, mwezi wa Ramadhani. Kenya tunaikumbuka 22 Novemba 2014, abiria 28 wa basi la Mandera walipotengwa kwa dini na kuuawa na Al-Shabaab. Tukumbuke vilevile 21 Desemba 2015, basi lingine lilipovamiwa karibu na El Wak, na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Sala inayomfanya muumini amtazame kwa chuki muuza duka wa mtaani kwake imekwenda kombo, na kiongozi wa ibada anapaswa kuikatiza kwa upole hapo hapo.

Kuna mateso ya aina nyingine yasiyo na mlio wa risasi. Eritrea iliamuru Mei 2002 makanisa yote yafungwe isipokuwa Waorthodoksi, Wakatoliki na Walutheri. Tangu hapo Wapentekoste na wengine wamekamatwa wakisali majumbani na kuwekwa kizuizini miaka mingi bila mashtaka wala hukumu. Wengi wamefungiwa ndani ya makontena ya chuma ya kusafirishia mizigo, ambayo mchana huwaka kwa jua na usiku huingia baridi kali. Mwimbaji Helen Berhane alikamatwa 2004 na kuwekwa humo, akaachiwa 2006 akiwa hawezi kutembea vizuri. Hata kuwa katika kanisa lililoruhusiwa si kinga: Patriaki Antonios wa Waorthodoksi aliondolewa madarakani 2006 baada ya kupinga serikali kuingilia kanisa, akafariki 9 Februari 2022 akiwa bado kizuizini.

Kwa wafungwa wa namna hiyo, barua ni silaha halali. Pale ambapo barua za wafungwa hupokelewa, andika fupi, mistari sita au saba: salamu, aya ya Maandiko, na kwamba unamkumbuka katika sala. Usiikosoe serikali ya nchi ile, usitaje shirika lililokupa jina lake, usiweke fedha, usiulize maswali yatakayomlazimu kujieleza. Barua ya hasira huongeza mashaka juu ya mfungwa, nawe uko salama nyumbani. Usikate tamaa usipojibiwa, maana mkuu wa gereza anayepokea barua 50 za mtu mmoja anajua kwamba mtu huyo anatazamwa. Kwa Eritrea, ambako jamaa wengi hawajui hata ndugu yao yuko gereza gani, barua iende ubalozini. Itaje jina lililokwisha kutangazwa hadharani, mwaka wa kukamatwa, na maombi matatu: afikishwe mahakamani au aachiwe, apate matibabu, familia iruhusiwe kumwona. Taja kifungu cha 8 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, unaolinda uhuru wa dhamiri na wa dini. Eritrea ni mwanachama wa mkataba huo tangu 1999. Lugha iwe ya heshima tangu mwanzo hadi mwisho.

Majina yasiyotangazwa hadharani ni jambo jingine kabisa. Waumini wa Somalia, na watu walioingia Ukristo katika koo ambazo hazivumilii, wanaishi kwa kufichwa. Siku hizi ibada nyingi hurushwa mubashara. Mhubiri akitaja jina, mji na kazi ya mtu huyo, binamu yake aliye Minneapolis au Dubai anaweza kusikia kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo maombi ya watu hawa yafanyike kamera na kipaza sauti cha mtandaoni vikiwa vimezimwa. Tumia "dada mmoja" au "familia moja ya nchi ya jirani". Karatasi yenye habari zao isipigwe picha wala kuwekwa kwenye kundi la simu. Mungu anawajua kwa majina. Sisi tukijua haja yao, inatosha.

Fedha nazizungumzia kwa kirefu zaidi, kwa sababu ndipo nia njema inapoharibika zaidi.

Msaada upitie kanisa lililopo kule. Kwa Wakatoliki ni Caritas ya jimbo husika, kama Butembo-Beni au Bunia. Kwa Waprotestanti ni madhehebu, ambayo kule huitwa jumuiya, yaliyo chini ya ECC, yaani Kanisa la Kristo Kongo. Kabla ya kuchangisha, pigeni simu mwulize mambo manne: familia ngapi, haja ya kwanza ni ipi, nani anasimamia, na stakabadhi zitaletwa vipi. Anayesema "leteni chochote" bado hajafanya hesabu. Mpeni wiki moja. Akaunti iwe ya kanisa au taasisi, kamwe isiwe ya mtu binafsi hata kama ni askofu, na iwe na watia saini wasiopungua wawili. Tumeni kwanza kiasi kidogo, mhakikishe kimefika, ndipo mtume kikubwa. Makato ya benki kwa muamala mmoja wa nje ni yale yale au karibu sawa kwa fedha kidogo na nyingi, hivyo ni afadhali kukusanya robo mwaka na kutuma mara moja kuliko kutuma kila Jumapili.

Jina la mpokeaji liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye akaunti, maana mara nyingi ni la Kifaransa na refu, na herufi moja iliyokosewa hurudisha fedha baada ya wiki tatu zikiwa zimekatwa mara mbili. Kwenye sababu ya malipo andikeni "msaada wa chakula kwa waliohama makazi". Mkiweka neno "ugaidi" au jina la kundi lenye silaha, mifumo ya benki inaweza kuusimamisha muamala ili uchunguzwe. Benki itataka pia barua inayoeleza chanzo cha fedha. Muhtasari wa kikao cha baraza la wazee wenye mihuri unasaidia. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025 benki zake zilifungwa, kwa hiyo ulizeni kwanza ni tawi la mji gani linafanya kazi. Wapokeaji wa Beni na Lubero hutumia zaidi Butembo na Beni mjini. Anayetoa dola akague kila noti mbele ya dirisha, kwa kuwa Kongo noti yenye mchaniko mdogo tu hukataliwa sokoni, na ile ya dola moja haina soko.

Msitume marobota ya nguo. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, bidhaa zinaingia kutoka Mombasa kupitia Kasindi, na nguo zimejaa sokoni. Gharama ya lori, ushuru na siku za kusubiri mpakani ingenunua pale pale mara mbili ya mzigo wenyewe, tena kwa kumwinua muuzaji ambaye naye amewapokea ndugu zake waliokimbia. Ujumbe wa wachungaji wanane "kwenda kuwatia moyo" ufikiriwe kwa namna hiyo hiyo. Nauli, malazi na ulinzi wao ni chakula cha familia nyingi. Mmoja au wawili wakienda kukagua, inatosha.

Hesabu ya chakula ni hii. Mtu mmoja kwa siku huhitaji unga gramu 400, maharage gramu 60, mafuta gramu 25 na chumvi gramu 5. Kwa familia ya watu 5 siku 30 inakuwa unga kilo 60, maharage kilo 9, mafuta lita 4 na chumvi robo tatu ya kilo. Hapo kila mtu anapata karibu kalori 1,850. Ili kufikia 2,100 zinazohitajika, ongezeni unga wa lishe gramu 50 na sukari gramu 15 kwa mtu kwa siku. Toeni unga badala ya nafaka. Familia isiyo na senti ikipewa mahindi, huuza sehemu yake ili kulipa mashine ya kusaga. Nao maharage makavu yanapikwa saa mbili hadi tatu, kuni ziko msituni, na msituni ndiko wanawake wanakotekwa. Kwa hiyo pamoja na maharage toeni makaa, na wahudumu wakumbushe kuyaloweka tangu usiku. Watu wengi waliokuwa na mapenzi mema hawakuliona hilo, wakasababisha safari za msituni ambazo zingeepukika.

Sabuni isisahaulike: ya kuogea gramu 250 na ya kufulia gramu 200 kwa mtu kwa mwezi. Kila familia iwe na madumu mawili ya maji ya lita 10 hadi 20, pedi au vitambaa vya hedhi, na sufuria yenye mfuniko.

Kugawa nako kuna kanuni zake. Siku ya kugawa isitangazwe redioni wala kuandikwa kwenye ubao wa kanisa, kwa sababu umati wenye magunia ni mwaliko kwa mwenye silaha na kwa mwizi. Waitwe kwa makundi madogo asubuhi, kazi imalizike mapema ili anayetembea saa tatu afike kwake jua lingalipo. Wengi wa waliokimbia hawako kambini, wamelala kwa ndugu na marafiki, watu 15 katika nyumba ya vyumba viwili. Mwenyeji naye apewe fungu lake, la sivyo baada ya wiki mbili ugomvi unaingia jikoni na wageni wanatolewa. Na katika kijiji kilichokimbia chote, orodha isifuate daftari la washarika. Mjane Mwislamu na mzee asiye na kanisa walikimbia mapanga yale yale. Paulo aliwaagiza Wagalatia wawatendee watu wote mema, hasa jamaa ya waaminio, na sehemu zote mbili za agizo hilo zinatuhusu.

Elimu hupita kimyakimya, lakini inaumiza muda mrefu. Kongo ilitangaza elimu ya msingi ya umma kuwa bure mwaka 2019, ila sare, madaftari na ada ya sekondari vimebaki kwa mzazi, na mwaka wa shule huanza Septemba. Michango inayofika Novemba imekwisha kumkosa mtoto wa darasa la kwanza la sekondari. Shule nyingi huendeshwa na makanisa kwa mkataba na serikali, hivyo ofisi ya elimu ya jimbo au ya jumuiya inaweza kuthibitisha kuwa mtoto aliyepoteza vyeti alikuwa kidato gani.

Juu ya fidia za watekaji nina neno fupi: kanisa lisichangishe hadharani fedha za kuwakomboa waliotekwa. Fedha hiyo hununua silaha, na habari kwamba kanisa fulani linalipa humfanya mhudumu anayefuata kuwa na bei. Familia ya aliyetekwa ina uamuzi wake mgumu. Tuiunge mkono kwa chakula, nauli na ukaribu.

Hatuna haja ya kwenda mbali ili kuwahudumia watu hawa. Nyarugusu, Kigoma, imekuwa na wakimbizi wa Kongo tangu 1996, na Uganda inawapokea wa Ituri katika Kyangwali na Kyaka II. Mkimbizi akihamia jirani na kanisa letu, mara nyingi kitu cha kwanza tunachomwomba ni ushuhuda. Anasimamishwa mbele ya watu 300, anaulizwa alivyoona mume wake akiuawa, watu wanalia, sadaka inaongezeka, naye anarudi chumbani halali siku nne. Tafadhalini, tuache hivyo. Mtu aliyeumizwa asimulie akitaka, kwa anayemwamini, kwa kipimo chake. Wanawake wawili watatu waliokomaa wamtembelee mara kwa mara wakiwa na sukari na muda wa kutosha, wasiulize, wamsaidie kujua zahanati iko wapi na mtoto ataandikishwa vipi. Asiyelala wiki kadhaa, anayeshtuka kwa kila kishindo, au mtoto aliyeacha kuongea, apelekwe kwa mhudumu wa afya ya akili. Sala iendelee pamoja na matibabu. Viwili hivi havijawahi kugombana.

Kwako Mhariri nina ombi. Magazeti yetu huandika idadi ya waliokufa siku ya kwanza, halafu Komanda au Kasindi inatoweka hadi watakapokufa wengine. Mwezi mmoja baadaye mpigie simu paroko au mchungaji wa pale, Kiswahili anakijua, mwulize wangapi wamerudi, kakao imevunwa au imeozea shambani, shule imefunguliwa au bado ina wakimbizi madarasani. Picha iwe na mahali na tarehe. Sura na majina ya wanawake waliookolewa utekwani yasichapwe. Habari ya aya tano kila mwezi, ukurasa wowote utakaopenda, ingezipa jumuiya zetu kitu cha kweli cha kuombea. Na kama itakupendeza, ya kwanza itoke kabla ya 1 Desemba, sikukuu ya Mwenyeheri Anuarite.

Mzee wa kanisa na mratibu wa maombi,
Mwanza